Nani aliwanyima watoto uji? Oliver Twist kitabuni, jukwaani na kwenye filamu

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniuliza hivi: "Niliiona filamu ya Oliver! nikiwa mtoto, ile yenye nyimbo, na mpaka leo naipenda. Sasa nawasomesha wanafunzi wangu riwaya yenyewe, Oliver Twist ya Charles Dickens, nimekuta mambo ambayo sikuyatarajia. Fagin, mkuu wa genge la watoto wezi, niliyemjua mcheshi, ananyongwa. Nancy, msichana wa genge hilo, anauawa kwa kipigo cha kutisha. Kuna watu chungu nzima ambao kwenye filamu hawamo kabisa. Je, filamu ilitudanganya? Na kati ya zote zilizotengenezwa, niwaonyeshe vijana ipi?"

Mwalimu mwenzangu, hayo uliyoyaona ni kweli na nitayafikia. Lakini badiliko kubwa kuliko yote limejificha mahali ambapo watu hawalitafuti, kwenye lile tukio la uji. Kila mchezo na kila filamu imelibeba: mtoto yatima Oliver anasimama na bakuli lake, anaomba aongezwe, wakubwa wanapigwa na butwaa. Kwa kuwa tukio lipo, tunadhani limehamishwa zima. Njaa ndiyo iliyohamishwa. Aliyeipanga njaa hiyo aliachwa kitabuni.

Rudi sura ya pili. Kabla Oliver hajaomba chochote, Dickens anatuingiza kwenye kikao cha bodi inayosimamia nyumba ya maskini ya parokia, yaani mahali ambapo wasio na kitu walihifadhiwa kwa gharama ya walipa kodi. Wajumbe ni mabwana wanane au kumi, wanene, na ni watu wa kufikiri sana. Wamegundua jambo ambalo watu wa kawaida wasingeligundua kamwe: kwamba maskini wanaipenda nyumba ile kupita kiasi, wameifanya kilabu cha kula na kunywa bila kulipa. Basi wakaweka utaratibu. Kila maskini awe na hiari yake, afe njaa polepole akiwa ndani au afe haraka akiwa nje. Wakaingia mkataba na kampuni ya maji ilete maji bila kikomo, na mfanyabiashara wa nafaka alete unga kidogo kidogo. Uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, nusu ya mkate mdogo kila Jumapili. Mume akatengwa na mkewe. Mwanzoni gharama zilipanda, kwa sababu majeneza yaliongezeka na nguo za watu waliokonda zilibidi zipunguzwe. Baadaye idadi ya watu ikapungua nayo, na bodi ikafurahi sana.

Ndipo tunaletwa ukumbini walimo wavulana. Mabakuli yao hayakuwa na haja ya kuoshwa, kwa maana waliyasugua kwa vijiko mpaka yakang'aa, kisha wakabaki wameikodolea macho sufuria kubwa kana kwamba wangeweza kula hata matofali ya meko, huku wakinyonya vidole. Mvulana mmoja mrefu, ambaye baba yake aliwahi kuwa na duka dogo la chakula, aliwaambia wenzake kwamba asipoongezewa bakuli moja kwa siku, anaogopa usiku mmoja atamla mwenzake anayelala kando yake. Wakamwamini. Wakapiga kura nani akaombe, kura ikamwangukia Oliver. Ona jinsi Dickens alivyolipanga: mtoto huyu hakutumwa na ushujaa wake, kura ndiyo iliyomtuma. Na kesho yake bodi ikabandika tangazo langoni, paundi 5 kwa yeyote atakayemchukua Oliver Twist awaondolee mzigo.

Hayo hayakutoka hewani. Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Kabla yake parokia iliweza kumsaidia mtu akiwa nyumbani kwake. Sheria mpya ilikusudia kwamba mwenye nguvu za kufanya kazi asipate msaada mpaka akubali kuingia katika nyumba ya maskini, na humo ndani hali iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa wa nje. Ugumu ule uliwekwa kwa makusudi ili watu waogope kuomba. Dickens aliyajua hayo kwa karibu. Miaka hiyo alikuwa mwandishi wa habari za Bunge. Utotoni, na tena ujanani, aliishi London milango michache tu kutoka nyumba ya maskini ya Cleveland Street. Na mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya madeni, naye akapelekwa kufunga na kubandika lebo vikopo vya rangi ya viatu kiwandani. Siri hiyo aliuficha umma maisha yake yote. Ilijulikana alipokwisha kufa, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika rafiki yake John Forster. Mvulana aliyemwonyesha kazi pale kiwandani, na kumtendea wema, aliitwa Bob Fagin.

Alipoanza kuitoa hadithi hii kila mwezi katika jarida la Bentley's Miscellany, Februari 1837, ndiyo kwanza anatimiza miaka 25, na sheria yenyewe haijamaliza miaka mitatu. Alikuwa akipigana na jambo la siku ileile. Wapo waliosema ametia chumvi. Mwaka 1845 ikafichuka kwamba katika nyumba ya maskini ya Andover watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa ya mbolea walikuwa wakigombea uboho na vipande vilivyobaki kwenye mifupa hiyo ili wale. Kashfa ile ndiyo iliyoifikisha mwisho tume iliyokuwa ikiisimamia sheria.

Sasa tazama jukwaa lilivyoipokea. Sheria ya wakati ule haikumpa mwandishi wa riwaya uwezo wa kuzuia kitabu chake kugeuzwa mchezo, hivyo mwaka 1838, Dickens hajaimaliza hadithi, tayari ilikuwa ikiigizwa London. Forster anasimulia kwamba Dickens alipokwenda kuangalia onyesho la Surrey Theatre, katikati ya tukio la kwanza alijilaza sakafuni, pembeni, na hakuinuka mpaka pazia lilipoteremka. Ninamwelewa. Jukwaa linataka watu wa kuonekana: mwizi, muuaji, mwanamke anayelia. Mkutano unaopanga kiasi cha uji hauna uso mmoja ambao mwigizaji anaweza kuuvaa.

Hata hivyo Dickens mwenyewe hakuwa salama na mvuto huo. Mwishoni mwa maisha yake, alipokuwa akizunguka kusoma kazi zake mbele ya umati, alitengeneza kipande cha mauaji ya Nancy, akaanza kukisoma hadharani Januari 1869. Alikiigiza kwa nguvu zote, mapigo ya moyo yakipanda hata daktari akawa anayapima kila anaposhuka jukwaani. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, na wengi wa waliokuwa karibu naye waliamini kwamba usomaji ule ulichangia. Katika riwaya nzima, yeye mwenyewe alichokichagua kwa ajili ya jukwaa ni damu. Tusiwalaumu sana waliomfuata.

Filamu ziko nyingi tangu enzi za filamu bubu. Ya mwaka 1922, yenye mtoto Jackie Coogan na Lon Chaney kama Fagin, ilidhaniwa imepotea kabisa hadi ilipopatikana Yugoslavia miaka ya 1970. Zinazokuhusu wewe ni tatu.

Ya kwanza ni ya David Lean, 1948, na kwangu hiyo ndiyo iliyoukaribia moyo wa kitabu. Inaanza bila neno hata moja: mwanamke mjamzito peke yake nyikani, dhoruba, matawi ya miiba, uchungu unamshika, na mbele kabisa taa ya nyumba ya maskini. Anapolifikia lango, tayari umekwisha kuelewa kwamba hana pengine pa kwenda, na kwamba sheria ilitegemea hilo. Mwaka huohuo wa 1948 Bunge lilifuta rasmi mabaki ya mfumo uliozaliwa mwaka 1834, kwa hiyo waliokwenda sinema walikuwa wakiangalia kitu ambacho wazee wao walikiogopa kweli.

Ya pili ni yako. Lionel Bart, aliyetunga maneno na muziki bila kujua kusoma nota, aliufungua mchezo wa Oliver! London tarehe 30 Juni 1960. Ukaonyeshwa mara 2,618 kabla ya kuteremshwa, ukavuka hadi Broadway, New York, mwaka 1963, na mwaka 1968 Carol Reed akaufanya filamu iliyopata Oscar 5, ikiwamo ya filamu bora, pamoja na tuzo maalumu ya Onna White aliyepanga ngoma. Sifa hizo inazistahili. Wimbo ule wa mwanzo, watoto wakiota soseji na jeli, ni kazi ya ufundi mkubwa, na Ron Moody kama Fagin ni mwigizaji wa kukumbukwa.

Lakini angalia wakubwa wamekuwaje. Filamu inatuonyesha meza imejaa nyama na matunda, mabwana wanakula, watoto wanakufa njaa. Tunakasirika, na hasira inaishia kwenye ulafi wao. Tukiwatoa walafi tukaweka watu wema, mambo yatakuwa sawa. Kitabu hakisemi hivyo. Wajumbe wa Dickens wanene, ndiyo, ila hawawanyimi watoto uji kwa sababu wanautamani wao. Wanawanyima kwa sababu wamefikiri, wamejadili, wamepiga hesabu, na wanaamini wanatenda haki kwa walipa kodi. Mtu mwema angeweza kukaa katika bodi ile akapitisha azimio lilelile. Kisha filamu inamtoa Bumble, ofisa wa parokia, kwenye theluji akimnadi mtoto barabarani kwa wimbo, mpaka anapata mnunuzi. Kumbuka lile tangazo la paundi 5: kitabuni ni parokia inayolipa ili imwondoe. Katika nyimbo imekuwa biashara ya ofisa mmoja mwenye tamaa, na fedha imegeuka mwelekeo.

Kuna tukio jingine ambalo ningetaka kila mwanafunzi wako alijue, na katika mchezo wa nyimbo halimo. Ni sura ya tano. Oliver, sasa akiwa kwa mtengeneza majeneza, anapelekwa kuchukua vipimo vya maiti ya mwanamke katika chumba kisicho na moto. Mumewe amepiga magoti kando yake. Anaeleza kwamba mkewe alikufa kwa njaa, gizani, bila hata mshumaa, na hakuweza hata kuziona nyuso za watoto wake ingawa walimsikia akiita majina yao. Yeye alitoka kwenda kumwombea mitaani, wakamtia gerezani kwa kosa la kuomba, na aliporudi akamkuta anakata roho. Mama mzazi wa marehemu anakaa pembeni, akili imemtoka, anauliza kama atapewa koti la kuvaa mazishini. Siku ya kuzika kasisi anachelewa, watoto wa mtaani waliokuja kutazama wanacheza kwa kurukaruka juu ya jeneza, na alipofika alisoma kiasi cha ibada kinachotosha dakika 4. Kaburi lenyewe limejaa hata jeneza la juu linakaribia usawa wa ardhi. Yote yanakwisha katika kurasa chache, na hakuna mwizi hata mmoja ndani yake.

Kuhusu Fagin, sababu za kumbadilisha zilikuwa nzito. Dickens alimwita "Myahudi" mamia ya mara, kana kwamba dini yake ndiyo maelezo ya uovu wake. Mwaka 1863 mwanamke mmoja Myahudi, Eliza Davis, ambaye mumewe ndiye aliyenunua nyumba ya Dickens, alimwandikia kwamba amewatendea Wayahudi dhuluma kubwa. Kwanza alijitetea. Baadaye, katika chapa ya 1867, alilifuta neno hilo mara nyingi katika sura za mwisho, na kabla ya hapo alikwisha kumweka Myahudi mwema, Riah, katika riwaya yake Our Mutual Friend. Lean hakuyazingatia hayo. Alimpamba mwigizaji wa Fagin, Alec Guinness, kwa pua kubwa ya kubandika, kama Fagin wa michoro ya George Cruikshank iliyokuwa kitabuni tangu mwanzo, miaka mitatu tu baada ya kambi za Hitler kufunguliwa. Ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1949 Wayahudi walioponea mauaji waliandamana, na Marekani haikuonyeshwa mpaka mwaka 1951, tena ikiwa imekatwa. Bart alikuwa mtoto wa fundi cherehani Myahudi wa mashariki ya London. Alimpa Fagin nyimbo zenye mwangwi wa muziki wa Kiyahudi, akamwondolea kitanzi, na filamu ikamwacha aondoke na Dodger, kijana mwizi wa genge lake, wakicheza alfajiri. Ninalitetea chaguo hilo. Isipokuwa lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni Nancy.

Katika sura ya 16, Oliver anaporudishwa kwa nguvu kwenye genge, Nancy anamgeukia Fagin. Anamkumbusha kwamba alianza kuiba kwa ajili yake akiwa mtoto hata nusu ya umri wa Oliver hajafika, kwamba amekuwa katika kazi hiyo miaka 12 tangu hapo, na kwamba barabara za baridi na uchafu ndiyo nyumba yake kwa sababu ya Fagin. Kwa maneno mengine, Nancy ndiye Oliver ambaye hakuna tajiri aliyejitokeza kumchukua. Huyu mzee tunayecheka naye ndiye aliyemharibu, na ni yuleyule anayemchochea Sikes, mwizi katili aliye mpenzi wa Nancy, mpaka akamuua. Ukimfanya Fagin baba mpendwa wa watoto, simulizi hilo lazima uliondoe. Badala yake Nancy anaimba kwamba atamshikilia mwanamume wake maadamu anamhitaji, muda mfupi baada ya kupigwa naye. Ni wimbo mzuri sana kwa sauti, na unanisumbua kila ninapousikia, kwa maana umeugeuza utumwa wake kuwa pendo la kusifiwa.

Ya tatu ni ya Roman Polanski, 2005, Ben Kingsley akiwa Fagin. Polanski alikuwa mtoto katika geto la Kraków, Poland, mahali Wayahudi walipofungiwa na Wanazi, mama yake aliuawa katika kambi ya Auschwitz, na anajua mtoto anayejificha anavyotembea. Filamu yake haina haraka, wengine wanaiona baridi. Nguvu yake iko mwishoni, Oliver anapomtembelea Fagin katika chumba cha wanaosubiri kunyongwa, kama ilivyo kitabuni. Vilevile, ukiipata, kuna Boy Called Twist ya Tim Greene, 2004, iliyoihamishia hadithi kwa watoto wa mitaani wa Cape Town, na inaonyesha jinsi mifupa ya hadithi hii inavyosimama hata nje ya London.

Wale watu chungu nzima uliowakuta, akina Monks na familia ya Maylie, wanahusika na siri ya wosia na ukoo wa Oliver. Bart aliwaondoa wote, Lean alimbakiza Monks. Hawakukosea, maana ndiyo sehemu dhaifu ya riwaya. Hapo lazima tumkosoe Dickens mwenyewe. Anaanza kwa kutuambia kwamba mtoto yeyote akivikwa nguo za nyumba ya maskini anakuwa wa kudharauliwa na wote, kisha anamwokoa mmoja kwa kugundua kwamba alikuwa mtoto wa bwana tangu mwanzo. Oliver anaongea Kiingereza cha watu waliosoma ingawa hakulelewa nacho. Mwenzake Dick, mtoto mgonjwa aliyemkumbatia na kumwombea baraka alipokuwa akitoroka, hana ukoo wa kugunduliwa. Oliver anaporudi kumchukua, akiwa sasa na uwezo, anaambiwa Dick amekwisha kufa. Dickens hapa alijua anachofanya, nadhani. Filamu nyingi hazina Dick.

Kwa darasa lako, basi, ningefanya hivi. Anza na sura ya pili na ya tano, zisomwe kwa sauti darasani, kabla ya picha yoyote. Kisha waonyeshe mwanzo wa filamu ya Lean hadi kwenye uji, ukiwa umekwisha kuwaeleza habari ya Fagin na michoro ile, wasije wakaimeza bila kujua. Baada ya hapo waache waifurahie Oliver! yote, na waimbe kama wanataka. Kazi ya kuandika iwe swali moja: katika kila toleo, ni nani aliyeamua kiasi cha uji, na kwa sababu gani? Wakifika kwenye wimbo wa Nancy, simamisha filamu, wafungue sura ya 16, na msichana mmoja asome maneno ya Nancy kwa Fagin kabla hamjaendelea.